Kabla Hujawasha Mashine ya Kusaga Sakafu

Ukipata kazi ya kusaga terazo au zege Nansio, kisiwani Ukerewe, hatua ya kwanza ya usalama unaichukua ukiwa bado Mwanza. Mashine itavuka ziwa, ama kwa meli ya moja kwa moja, ama kwa kuzungukia Bunda hadi Kisorya na kupanda kivuko cha kwenda Rugezi, na ikishafika kisiwani kila kilichosahaulika kinakuwa tatizo la kesho kutwa. Kava lililovunjika halitatengenezwa jioni ile ile. Jiwe la kusagia la saizi ya mashine yako huenda lisipatikane duka lolote la mjini. Na fundi aliyekodi mashine kwa siku, huku mwenye nyumba akimpigia simu kila mara, hatangoja spea ivuke maji. Atafunga waya uliochubuka kwa kipande cha mfuko na kuanza kusaga. Haraka ya namna hiyo, mashine mbovu na siku za kukodi zinakwisha, ndiyo inayozaa ajali.

Haya yameandikwa kwa fundi, kwa saidia wake, na kwa mwenye nyumba anayelipa. Mwenye nyumba asijitoe: yeye ndiye anayeamua kama kazi inafanywa kwa siku tatu au kwa tano.

Mbele ya mwenye mashine

Usikodi mashine iliyozimwa. Mwambie mwenye nayo aiwashe mbele yako, aisagishe kidogo, aizime, nawe usikilize. Beringi iliyochoka hulia, na mota yenye hitilafu hutoa harufu ya kuungua kabla ya kutoa moshi. Kisha plagi ikiwa imechomolewa, ilaze mashine chali uangalie chini. Mawe ya kusagia, yawe matatu au sita, yawe yamechakaa kwa kiasi kinacholingana. Moja likiwa jipya na mengine yameisha, mashine itaruka-ruka na kukuvuta mikono. Nati na kabari zinazoshika mawe ziwe zimekaza. Jiwe lenye ufa litupwe hapo hapo, hata kama mwenye mashine anakuapia kwamba lina wiki mbili ndani yake.

Swichi nayo iangalie kwa makini. Iwe mahali ambapo kidole kinafika bila kuachia mpini, na ikizimwa izime kweli. Mashine nzuri zina kishikio ambacho ukikiachia mota inasimama yenyewe. Ukikuta kishikio hicho kimefungwa kwa mpira ili kisiachie, jua kuna mtu kabla yako aliyeona usalama ni usumbufu, na jiulize ni kitu gani kingine alichokifunga. Tafuta pia kibati cha mota kinachoeleza volti, ampea na kasi. Pasipo kibati hicho huwezi kujua kama umeme wa nyumba unayokwenda kufanyia kazi unaitosha mashine.

Rudi kisiwani na seti ya ziada ya mawe, barakoa za kutosha watu wote kwa siku zote, glavu za mpira, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Hiyo ya mwisho nitaieleza huko mbele, maana ndiyo inayonunuliwa na wachache kuliko vyote.

Mashine hizi ni nzito, kilo mia moja na kwenda juu. Ipakie ikiwa imetolewa mawe, imefungwa kamba pande mbili, mpini umelazwa. Usiikabidhi kwa mtumbwi uliokwisha kujaa saruji na abiria. Ukerewe haihitaji kufundishwa habari ya chombo kuzidiwa: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kikitoka Bugorora, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kuishusha kwenye toroli au pikapu tumia mbao mbili imara na watu wanne, na asisimame mtu chini ya mteremko.

Vumbi ndilo linaloua bila kelele

Ukiwauliza mafundi wanaogopa nini kwenye mashine hii, watakutajia umeme, halafu jiwe kupasuka. Vumbi hulitaji kwa kuliponda: "Tumeshazoea." Hapo ndipo mwongozo huu unapotofautiana nao zaidi.

Zege ni saruji, kokoto na mchanga, na mchanga wa Ukerewe umetokana na miamba ya graniti iliyomomonyoka, miamba ile ile iliyotapakaa kisiwani na hadi Ukara. Ndani yake mna chembe za kwarzi, ambazo ni silika. Silika ikiwa punje ya mchanga mkononi haina neno. Ikisagwa ikawa unga laini kuliko macho yanavyoweza kuona, inapita puani, inapita kooni, inafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kubaki huko. Mwili hauwezi kuiyeyusha wala kuitema. Unaizungushia makovu, na makovu hayo hayavuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na dawa ya kuuponya hakuna. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo. Kwa anayevuta vumbi jingi sana unaweza kuja ndani ya miaka michache tu. Na mwaka 1997 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), IARC, iliiweka silika ya kwarzi katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Wakala wa Marekani wa usalama kazini uliweka mwaka 2016 kikomo cha mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5, chenye kimo cha mita 3. Silika yote iliyoelea humo isizidi miligramu 3, uzito wa punje chache za sukari. Fundi anayesaga zege kavu ndani ya chumba hicho, madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mabati, anapita kikomo hicho mapema sana.

Lipo jambo la haki kulisema hapa. Kokoto za marumaru zinazotiwa kwenye terazo zenyewe hazina silika nyingi. Lakini mashine haisagi marumaru peke yake. Sakafu ya zege tupu ina mchanga tele, na terazo iliyomwagwa vibaya ikisagwa sana, jiwe hufika kwenye tabaka la chini lenye mchanga. Tena wapo wanaochanganya kokoto za kawaida ili kupunguza gharama. Kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu vumbi ni jeupe.

Dawa ya kwanza ya vumbi ni maji. Sakafu isagwe ikiwa imelowa muda wote, si kumwagiwa mwanzoni tu kisha ikaachwa ikauke. Ukiona unga unaanza kuruka kando ya kava, maji yamekwisha, simama. Dawa ya pili, pale maji yasipowezekana, ni mashine yenye kava lililobana na bomba la kufyonza vumbi lililoungwa kwenye chombo chenye chujio la daraja la HEPA. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi la zulia haifai, kwani unga laini unaingia upande huu na kutokea upande wa pili, ukisambaa vizuri zaidi kuliko kabla.

Barakoa ni ya tatu, haichukui nafasi ya hizo mbili. Iwe N95 au FFP2, yenye kamba mbili zinazozunguka kichwa, siyo ile ya buluu ya hospitali yenye kamba za masikioni, wala kitambaa au fulana iliyofungwa usoni. Ibane kwenye pua, vuta pumzi kwa nguvu. Ikinyonya uso, imekaa. Hewa ikipita pembeni, hujavaa kitu. Ndevu ndizo adui yake mkubwa: hata za siku mbili zinaacha mwanya. Najua mada hii inagusa imani na mapambo, na sikuambii uzinyoe. Nakuambia tu kwamba mwenye ndevu apangiwe kazi nyingine siku ya kusaga kukavu. Barakoa ikilowa jasho au ikawa nzito kupumua, badilisha. Kwa joto la mchana wa ziwani hakuna anayeweza kuivaa mfululizo asubuhi hadi jioni, kwa hiyo weka mapumziko ya nje, kwenye hewa, kila baada ya muda.

Na fagio libaki nje. Saiti nyingi zinasagwa vizuri kwa maji, halafu jioni saidia anafagia unga uliokauka na chumba kizima kinageuka ukungu. Tope likusanywe likiwa bichi kwa mpira wa kusukumia maji na koleo. Ovaroli ivuliwe saiti na kufuliwa peke yake. Watoto wanaokukimbilia mlangoni jioni hawakuajiriwa na mtu kuvuta vumbi la zege.

Maji pamoja na umeme

Sasa tumeingia kwenye ugumu wenyewe wa kazi hii. Maji yanayokuokoa na vumbi ndiyo yanayoweza kukuua kwa umeme. Unasimama kwenye tope, umeshika mpini wa chuma, waya umelala nyuma yako, na saidia anamwaga ndoo nyingine.

Kuna kauli moja ambayo ukiisikia saiti, zima kila kitu. Saidia anashika mpini kisha anasema, "Fundi, inapiga shoti kidogo." Jibu la kawaida huwa, "Hiyo inatekenya tu, vaa ndala." Hapana. Mashine inayotekenya ni mashine ambayo umeme umekwisha kutoka kwenye nyaya na kuingia kwenye mwili wake. Leo umetekenywa kwa sababu mguu ulikuwa pakavu. Kesho mguu ukiwa kwenye maji, umeme ule ule utapita kifuani. Chomoa, weka kando, isirudi kazini hadi fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aipime.

Swichi ya kukata umeme niliyoitaja hapo juu, mafundi umeme huiita RCD, inapima umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 inakata, haraka kuliko moyo unavyoweza kuvurugika. Fyuzi ya kawaida haikulindi wewe, inalinda waya; inangoja ampea nyingi, na mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kama nyumba haina RCD kwenye ubao wake, na nyumba nyingi zinazojengwa huwa bado hata ubao haujakamilika, nunua ile ya kuchomeka kwenye soketi. Ijaribu kila asubuhi kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Isipokata, haifanyi kazi, tupa.

Eathi nayo iwepo kweli. Plagi yetu ya pini tatu ina pini ndefu ya juu, na ukiona mtu ameing'oa au amechomeka nyaya mbili tupu kwa njiti za kiberiti, hakuna eathi hapo. Waulize waliofunga umeme kama fimbo ya eathi imezikwa. Ardhi yenye mwamba karibu haishiki eathi vizuri, na Ukerewe haikosi viwanja vya namna hiyo.

Ekstensheni ikunjuliwe yote. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake unapata joto hadi gamba lake linayeyuka. Kwa mashine ya kilowati 2 hadi 3 tumia waya wa milimita 2.5 za mraba au zaidi, na usisahau kwamba plagi ya ampea 13 inaishia karibu na kilowati 3. Mashine kubwa kuliko hapo inataka muunganisho wake maalumu, au umeme wa fezi tatu, na hiyo ni kazi ya fundi umeme, si ya fundi terazo mwenye bisibisi. Viungo vyote vya waya viwe juu, vimening'inizwa kwenye miti au misumari ukutani, visilale kwenye tope. Kiungo kilichofungwa mfuko wa plastiki kinashika maji ndani kama kinavyoyazuia nje.

Umeme ukiwa mdogo, mota inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi na inaungua. Pima volti za soketi kabla ya kuanza na tena mashine ikiwa inasaga. Ikishuka chini ya volti 207, yaani asilimia 10 pungufu ya 230, acha kazi hiyo hadi saa ambayo mji hautumii umeme sana. Ukitumia jenereta, iwe na uwezo wa zaidi ya mara mbili ya mota, ikae nje, mbali na dirisha. Hali kadhalika mashine yenye injini ya petroli: haiingii chumbani kabisa, hata milango yote ikiwa wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoanza kwa kuumwa kichwa na kuishia kwa usingizi. Mtu anayeona kizunguzungu atolewe nje kwanza, maswali baadaye.

Kuvaa: gambuti zisizo na tundu, glavu za mpira, miwani ya kazi, vizuia kelele masikioni. Ndala hazina nafasi.

Kuiendesha

Sakafu lazima iwe imekomaa. Terazo iliyomwagwa juzi haijashika kokoto zake. Jiwe linazing'oa na kuzirusha, na moja ikikupata jichoni hakuna atakayekumbuka kwamba mwenye nyumba alikuwa na haraka ya harusi. Mafundi hungoja siku kadhaa, wengi kati ya tatu na saba kutegemea mchanganyiko na hali ya hewa, halafu wanajaribu kipembe kimoja. Kokoto zikitoka, ngoja tena.

Pita sakafu nzima kwa miguu kabla ya mashine. Tafuta misumari, ncha za nondo, vichwa vya bolti, mistari ya plastiki iliyochomoza. Jiwe likigonga nondo, mashine nzima huruka upande. Ziba mlango kwa mbao ili wapita njia na wapaka rangi wasikatize, na kubaliana na saidia kuhusu ishara, maana hamtasikiana. Mkono juu maana yake zima. Yeye anaangalia waya na maji, basi. Asiwe pia anajibu simu.

Kuwasha: simama imara, kandamiza mpini kidogo ili kichwa kinyanyuke, washa, ngoja kasi ijae, kisha shusha polepole. Mashine ikiwashwa mawe yakiwa yamebana sakafu, mpini unazunguka na kukupiga mbavuni. Wale wenye mashine kubwa za vichwa vingi wafuate kitabu chake, kwani baadhi zinawashwa zikiwa chini. Tembea upande kwa upande kwa mwendo mmoja, bila kuegemea kwa uzito wako. Fundi anayesukuma kwa kifua anachimba mashimo na kuchosha mgongo. Anza na mawe ya namba 36 hivi, fuata 60, jaza matundu kwa uji wa saruji nyeupe, acha ukomae siku chache, kisha 120 na kuendelea. Kuruka namba hakuokoi muda. Kunakufanya usage zaidi, na kila dakika ya ziada ni mtikisiko mikononi. Vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe baada ya kazi, badilishaneni zamu.

Kabla ya kubadilisha jiwe, chomoa plagi. Siyo kuzima swichi, kuchomoa, na plagi akae nayo mfukoni yule mwenye mikono chini ya mashine.

Pembe, sketi na ngazi

Mashine kubwa haifiki kwenye pembe. Hapo fundi anashika grenda, na hapo ndipo kazi iliyokuwa salama inaharibika, kwa sababu grenda ya umeme haipendi maji. Kwa hiyo ngazi na sketi husagwa kavu, uso ukiwa sentimita arobaini kutoka kwenye diski. Nionavyo, sehemu ndogo namna hii kwenye nyumba ya kawaida isagwe kwa mkono, kwa jiwe la kusagia na maji, kama walivyofanya mafundi wa zamani. Ni kazi ya kuchosha na inastahili kulipwa bei yake. Ikiwa ni lazima grenda, iwe na kava la kufyonza vumbi, barakoa iwe imebana, na wengine wote watoke.

Linganisha diski na grenda. Kila diski imeandikwa kasi yake ya juu, na haitakiwi kuwa chini ya kasi ya grenda. Diski nyingi za kusagia hutengenezwa kwa mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde pembeni. Kwa diski ya milimita 230 hiyo ni mizunguko karibu 6,600 kwa dakika, kwa ya milimita 115 ni karibu 13,300. Sasa mtu anatoa kava la grenda ndogo ili diski kubwa iingie. Diski hiyo inazungushwa karibu mara mbili ya kasi iliyoruhusiwa. Inapasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda. Kava lisitolewe, wala diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu.

Tope, ngozi na ziwa

Tope la kusaga lina saruji, na saruji ina ukali wa magadi. Linachoma taratibu bila maumivu ya mwanzo, kwa hiyo mtu anapiga magoti ndani yake asubuhi nzima na jioni anakuta magoti yamekuwa vidonda. Likiingia kwenye gambuti, vua uoshe mguu palepale. Likiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali, hata kama unaona vizuri. Poda ya asidi ya oksaliki inayotumika kung'arisha mwishoni ni sumu. Isichanganywe bila glavu na miwani, na isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano.

Maji yenyewe yana habari yake. Kazi hii inakula maji mengi, na ziwa liko hapo karibu, hivyo vijana hutumwa kuingia na ndoo hadi magotini. Ukerewe ni kati ya maeneo yenye kichocho kingi nchini. Vijidudu vyake vinapenya ngozi ya mguu ulioloweshwa, na anayemwaga maji hayo mapya sakafuni na kulowana nayo kutwa yuko kwenye hatari ile ile. Tumia maji ya bomba au kisima. Kama ni lazima ya ziwa, yavutwe kwa pampu, yaachwe kwenye simtanki siku mbili kamili kabla ya kutumika. Vijidudu hivyo haviishi muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Na kuoga baada ya kazi kusifanyiwe ufukweni.

Tope lisirudi ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Chimba shimo, limwage humo, likae, maji ya juu yanyonywe na ardhi na kilichobaki kigande kiwe kifusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli zinazoweza kuharibu ufuo. Wavuvi wa Nansio wasingekushukuru pia.

Mtu akiumia

Aliyenaswa na umeme usimguse. Kata umeme kwenye swichi kuu. Ikiwa mbali, chomoa plagi, au msukume kwa mbao kavu ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike au azinduke. Hata akiamka na kucheka, apelekwe hospitali ya wilaya, kwa kuwa moyo unaweza kuvurugika baadaye. Jeraha linalovuja damu libanwe kwa kitambaa safi na mkono usiachie. Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mjue nani ana gari au bajaji, na namba yake iandikwe ukutani. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, ana ziwa mbele yake, na usiku safari hiyo si ya kupangia saa ile.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na asimamie afya za wafanyakazi, na wakala wa serikali wa usalama kazini, OSHA, ndio unaokagua. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaolipa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Saidia wa kutwa mara nyingi hana hata karatasi inayoonyesha alikuwepo. Mwandikishe jina, tarehe na kazi aliyofanya kwenye daftari la saiti. Ni mstari mmoja wa wino, na siku ya madai ndiyo unaotafutwa.

Ukiwa umesaga sakafu kwa miaka na unakohoa, unapungukiwa pumzi ukipanda kilima, au unakonda, nenda hospitali na utaje kazi yako kabla hujaulizwa. Silikosisi inamfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na Tanzania ilikuwemo katika orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, kwa hiyo makohozi yapimwe. Lakini majibu yakionyesha hakuna kifua kikuu na kikohozi bado kipo, usirudi nyumbani na chupa ya dawa peke yake. Omba picha ya eksirei ya kifua, na mweleze daktari miaka mingapi umesaga, ulisaga nini, kwa maji au pakavu. Madaktari waliozoea mapafu ya namna hii wapo nchini. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro imewaona wachimbaji wa madini wa Mirerani wenye vumbi la aina hiyo hiyo kifuani, na daktari wa wilaya anaweza kukuandikia rufaa.